Hatari ya Mlango wa Buluu

King'ora kililia saa tano kasorobo asubuhi, Jumamosi, ndani ya jengo la maduka la Mayfair, na hakuna aliyeshtuka. Johannesburg ndivyo ilivyo. Kuna king'ora cha gari, cha duka, cha ukuta wa jirani. Mtu akikimbia kila kinapolia, kufikia adhuhuri atakuwa Pretoria. Wauza abaya waliendelea kukunja abaya. Msomali wa manukato alimpaka mteja kwenye mkono wa pili, maana wa kwanza ulishajaa.

Nje, kwenye maegesho, chini ya kibao cha kijani cha mahali pa kukusanyikia, chenye picha ya watu wanne na mishale minne, alisimama Mwanaasha, binti wa Tanga, ana kizibao cha rangi ya machungwa, hijabu ya samawati iliyobanwa pini, na buti za kazi ambazo mama yake akiziona atalia. Mkononi alishika fomu na saa. Lilikuwa zoezi la moto. Watu mia tatu walitakiwa watoke kwa dakika nne.

Dakika ya tatu na nusu alitoka mmoja. Alitoka mbio, suti ya kijani kibichi, viatu vinang'aa mpaka unaweza kujitazama meno, na amekumbatia mwanamke.

Alipokaribia, Mwanaasha aliona kwamba mwanamke mwenyewe hana kichwa. Hana na miguu. Alikuwa sanamu la kupimia nguo.

"Fundi," Mwanaasha alisema, "ukisikia king'ora unaacha vitu."

"Huyu si kitu, mama. Huyu ni Hélène."

"Mimi si mama yako."

"Kwetu Kongo mwanamke anaheshimiwa, anaitwa mama."

"Na huyu asiye na kichwa?"

"Huyu hanijibu kama wewe, ndiyo maana tumekaa miaka sita bila ugomvi."

Mwanaasha aliuma kalamu ili asicheke. Mtathmini wa moto hacheki kazini. "Jina?"

"Bakiri. Fundi cherehani. Nimeleta kanzu za watu humo ndani."

"Mkongo anaitwa Bakiri?"

"Mimi wa Kasongo, chérie. Kasongo tulianza kuswali mababu zako wa Tanga bado wanatafuta udhu."

"Chérie? Mpenzi wako nani hapa?"

"Pardon. Mama."

Kwenye nafasi ya waliotoka, Mwanaasha aliandika: mmoja. Alisita kidogo kama amhesabu Hélène. Halafu, kwa sababu za kikazi kabisa, akaandika na namba ya simu ya fundi.

Sasa nikwambie huyu Mwanaasha ni nani, usije ukadhani ni mtu wa kuzurura na vizibao. Alifika Johannesburg na cheti cha kidato cha nne, akafikia kwa mjomba wake pale Mayfair, akapata kazi ya kufuta vumbi kwenye mitungi ya kuzimia moto katika kampuni ndogo ya mtaa wa Kensington. Kufuta tu. Baadaye akapewa kuijaza. Baadaye akaanza kuuliza kwa nini mtungi huu umetundikwa nyuma ya friji ambako hata panya hafiki. Mwenye kampuni, Mma Kgomotso, mama wa Kitswana aliyekaa zimamoto miaka ishirini na kutoka na mguu unaochechemea, alimtazama siku hiyo akamwambia, "Wewe si wa mitungi. Nenda kasome." Akasoma Braamfontein, masomo ya jioni, miaka mitatu. Mafundi wenzake walimwita Binti Mtungi, na akiwaonyesha soketi mbovu walimwambia arudi jikoni.

Kilichobaki kilikuwa kimoja: ripoti ya kwanza yenye jina lake peke yake chini. Si jina lake chini ya jina la mtu. Bodi ya watathmini ikiikubali, na makosa aliyoyaona yakirekebishwa ndani ya muda, basi ni mtathmini kamili. Yakibaki bila kurekebishwa, na yeye akayafumbia macho, arudi kwenye vumbi.

Kwa hiyo alikuwa na kazi nyingi, na muda wa mapenzi hakuwa nao. Walizungumza na Bakiri kwenye simu mara nne tu kwa siku.

"Umekula?" Bakiri huuliza.

"Nimekula. Umechomoa pasi?"

"Nimechomoa pasi, nimezima taa, nimefunga gesi. Kitu kimoja kinawaka nimeshindwa kukizima."

"Kipi hicho?"

"Moyo, chérie."

"Toka nje, acha vitu, usitumie lifti."

Mwezi wa pili wa simu hizo Bakiri alimshonea gauni la kitenge, la manjano na zambarau, mabega yamesimama, kiuno kimeshikwa kama kwa kiganja, chini limemwagika. Mwanaasha alilivaa dukani kwa rafiki yake Tabia, muuza khanga, akajigeuza mbele ya kioo mara tatu.

"Bakiri," alisema mwishowe, "hii hatari."

Fundi alikunja uso. Alilichukua gauni, akaondoka nalo, akabadilisha bitana yote. Wiki iliyofuata akalirudisha.

"Duh. Sasa ndiyo hatari kabisa."

Akalichukua tena. Akatoa zipu, akaweka vifungo vya mbao. Alipoambiwa mara ya tatu kwamba gauni ni hatari, alilibeba tena na kumpigia Tabia simu kwa sauti ya mgonjwa.

"Dada Tabia, nisaidie. Huyu mwanamke kila nguo anaona moto. Nimeweka pamba tupu, kitambaa ambacho hata ukikiwashia kiberiti kinafikiria kwanza. Bado anasema hatari. Nimshonee gauni la bati?"

Tabia alicheka mpaka akakaa juu ya robota la khanga. "Shemeji yangu maskini. Sisi wa pwani kitu kikiwa kizuri kupita kiasi tunasema hatari. Amekusifu mara tatu, wewe umemvua nguo mara tatu."

"Hatari ni sifa?"

"Sifa kubwa kuliko zote."

"Kwetu hatari ni nyoka kitandani."

"Basi umeoga sifa, shemeji. Rudisha gauni la watu."

Kumbuka hapo. Bakiri alijifunza neno jipya la kipwani, akaliweka moyoni kama hirizi. Na huyu msimulizi wenu asingekuwa na hadithi kama Bakiri angelisahau.

Siku hizo ndipo Mma Kgomotso alipoweka karatasi mezani. Jengo la ghorofa moja, Kensington, chini duka la matairi, juu karakana ya mafundi tisa wa nguo. Ripoti ya kwanza ya Mwanaasha.

Mwanaasha aliisoma anwani mara mbili. "Mma, mmoja wa hao mafundi tunajuana."

"Kujuana kwa namna gani?"

"Ya kushonewa gauni."

Mma Kgomotso alivua miwani. "Umefanya vizuri kusema. Nitapita nyuma yako kila mstari. Lakini kumbuka, sisi hatuandiki watu. Tunaandika milango."

Bakiri alipopata habari kwamba mtathmini anayekuja ni chérie wake, aliwakusanya wenzake. Walifagia. Walipanga nyuzi kwa rangi. Papa Ezéchiel, mkubwa wa karakana, Mkristo wa Bukavu anayeomba kabla hata ya kutia uzi kwenye sindano, aliombea ngazi. Na kule nyuma kulikuwa na mlango wa chuma wa kuteremkia uani, ambao wezi waliuvunja kipupwe kilichopita wakaondoka na cherehani mbili. Tangu hapo ulifungwa kwa minyororo na kufuli tatu, na ufunguo mmoja haijulikani anao nani. Mlango huo Bakiri aliupaka rangi ya buluu, mpya, inayong'aa, akapaka na kufuli.

Mwanaasha alipita na tochi yake. Hakutabasamu, hakukaa, juisi aliikataa. Aliona marobota yamepangwa kwenye ngazi ya mbele mpaka mtu apite kwa ubavu. Aliona pasi nne kwenye waya mmoja. Kwenye mlango wa buluu alisimama muda mrefu.

"Anauangalia," Bakiri alimnong'oneza Papa Ezéchiel. "Nilikwambia buluu."

Ripoti rasmi ilikwenda kwa mwenye jengo, kwa Kiingereza, naye akaisukuma kwenye droo. Mwanaasha alijua droo za wenye majengo. Kwa hiyo siku hiyo hiyo akawaandikia mafundi wenyewe, kwa Kiswahili, kwenye simu ya Bakiri, ujumbe mfupi wa heshima:

*Salaam. Nimemaliza ukaguzi. Karakana yenu ni hatari. Ngazi ni hatari. Mlango wa nyuma ndio hatari kuliko vyote. Nitarudi baada ya siku ishirini na moja.*

Bakiri aliusoma kwa sauti, amesimama juu ya kiti.

"Mnajua maana yake? Bon, ninyi hamjui Kiswahili cha pwani. Nitawatafsiria."

Aliwatafsiria. Mafundi tisa walishangilia. Papa Ezéchiel alitoa shukrani kwa Mungu aliyewapa rangi ya buluu. Na Bakiri akajibu papo hapo: *Asante sana chérie, tumefurahi wote. Lakini wewe ni hatari kuliko mlango.*

Msomaji wangu, usicheke peke yako. Mwenzako Mwanaasha hakucheka. Alikuwa ofisini, amechoka, anasubiri kusikia kufuli zimetolewa, akasoma jibu lile, na masikio yake yakasikia vicheko vyote vya miaka mitano. Binti Mtungi. Rudi jikoni. Na huyu naye.

Hakupiga simu kesho yake. Bakiri alipopiga, alisema yuko kazini. Alipopiga tena, alikuwa kazini tena.

"Kazi gani hii ya siku kumi?"

"Kazi ambayo wengine wanaiona mchezo."

"Nani anaiona mchezo?"

"Usiku mwema, Bakiri." Ilikuwa saa sita mchana.

Bakiri, kwa kuwa hakuelewa, alifanya alichojua. Aliupaka mlango rangi mara ya pili.

Siku ya ishirini na moja walikuja wawili, Mma Kgomotso na mguu wake, Mwanaasha na fomu yake. Minyororo ilikuwa palepale. Kufuli tatu palepale, buluu kuliko mwanzo, na mtu alikuwa amechora ua jeupe katikati.

"Hamkufungua," Mwanaasha alisema polepole.

"Tufungue kwa nini? Mlango umependeza hivi hivi."

"Bakiri, niliwaandikia."

"Uliandika, na ujumbe wako tumeunakili tukautunza. Umebandikwa ukutani pale, tazama."

"Umebandika ukutani ili watu wacheke?"

"Kucheka? Chérie, umetusifu mbele ya watu, sasa unakuja na uso huu..."

"Lini mimi nimewasifu?"

"Sisi," Mma Kgomotso alisema kwa Kiingereza, bila kupandisha sauti, "tunaandika milango."

Mwanaasha aliandika. Neno moja: *haijatekelezwa*. Siku saba zaidi, kisha karakana inafungwa. Akatia jina lake chini. Lilikuwa jina alilolitamani miaka mitano, na siku hiyo lilikuwa chungu kama shubiri.

Bakiri aliisoma karatasi, akamtazama. "Tisa tunakula hapa, Mwanaasha." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina.

Alasiri ile Mwanaasha alilia dukani kwa Tabia, juu ya khanga za watu, mpaka Tabia akazihamisha.

"Hebu nione ulichomwandikia."

Tabia alisoma. Akasoma tena. Akaufunika mdomo kwa viganja viwili.

"Mwanaasha. Kosa ni langu."

"Lako vipi?"

"Nilimfundisha. Yule mtu anadhani hatari ni sifa. Umemwambia mlango wake ni mzuri kuliko vyote, na yeye ametoka kuupaka rangi. Kakujibu kwamba wewe ni mzuri kuliko mlango."

Mwanaasha aliusoma ujumbe wake upya. Kisha alianza kucheka huku machozi yanatoka, halafu kicheko kikakatika katikati.

"Si kosa lako, Tabia. Ni langu. Mimi ndiye mtathmini. Neno langu likiwa na maana mbili, mtu atachagua ile inayompendeza, akabaki ndani."

Akachukua simu. Aliandika na kufuta kwa nusu saa. Alichotuma mwishowe kilikuwa hiki, na hakuna bodi iliyowahi kukiona, ingawa mimi naona ndiyo ripoti bora aliyopata kuandika:

*Bakiri. Niliposema hatari sikusifu. Moto ukiwaka mbele, ngazi itajaa moshi, mtakimbilia mlango wa nyuma, mtaukuta umefungwa, na mtakufa watu tisa. Wewe ni mmoja wa hao tisa. Mimi sitaki ufe.*

Hakujibiwa. Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu Mwanaasha aliacha kuiangalia simu, yaani aliiangalia mara arobaini tu.

Kumbe Bakiri alikuwa ameusoma akiwa kwenye cherehani, akakanyaga mashine bila kitambaa, sindano inapiga hewa. Alishuka kwa wale wa matairi, akaazima msumeno wa chuma. Kufuli mbili zilikatika mchana huo. Ya tatu iliwachukua mpaka kesho yake, kwa zamu, Papa Ezéchiel akiimba. Walimleta fundi wa vyuma akaweka upau: ukiwa ndani unausukuma kwa kiuno mlango unafunguka, ukiwa nje huoni hata kitasa, mwizi atapapasa mpaka achoke. Marobota yakaondolewa kwenye ngazi. Na kwenye ukuta wa uani Papa Ezéchiel aliona pachorwe kibao cha kijani, watu wanne na mishale minne, lakini aliyechora alikuwa fundi wa nguo, kwa hiyo watu wanne wote walivaa suti.

Jibu Bakiri hakutuma. Alitaka ajibu kwa mlango, siku ya saba, amfungulie mwenyewe.

Siku ya sita umeme ulikatika saa sita mchana, ule mgao wa ratiba. Fundi mmoja alikuwa anapiga pasi karibu na ngazi ya mbele. Pasi ilipoa mkononi, akailaza juu ya kitambaa, akaenda kula na wenzake kule nyuma. Kuchomoa alisahau. Saa nane umeme ulirudi.

Hakuna aliyeusikia ukirudi. Walikuwa wanabishana kama ugali wa Bukavu unaushinda wa Kasongo. Papa Ezéchiel ndiye aliyenusa. Walipogeuka, chumba cha mbele kilikuwa cheusi mpaka darini, na ngazi ya mbele haionekani.

Bakiri aliuona mlango wa buluu. Alimwona Hélène pia, hatua nne upande wa pili, amevaa koti la bwana harusi lililobaki kutiwa kola tu.

Simu ya Mwanaasha iliita saa nane na dakika kumi na mbili.

"Tuko tisa," sauti ilisema, inakohoa.

"Nini?"

"Tuko tisa, chérie. Chini ya kibao. Nimehesabu kama ulivyofanya Mayfair, mara tatu. Tisa."

Kutoka ofisini mpaka pale ni barabara tatu. Mwanaasha alikimbia na buti zake, akavuka kwenye taa nyekundu, ambazo huku zinaitwa roboti, dereva mmoja akamtukana kwa Kizulu naye akamshukuru. Gari la zimamoto, lililoitwa na wale wa matairi, lilikuwa limetangulia, maji yanaingia dirisha la mbele, moshi unageuka mweupe. Aliingia uani kwa kando.

Walikuwa wamesimama chini ya wale watu wanne wenye suti. Aliwahesabu, kwa kidole, midomo inacheza. Mmoja, wawili, Papa Ezéchiel amepiga magoti kwenye lami anasema ahsante kwa Kifaransa, wanne, watano. Wa tisa alikuwa Bakiri, shati limejaa masizi, kiatu kimoja, amesimama na viganja wazi kama mtu anayeonyesha hakuiba.

Mikono ilikuwa mitupu.

"Hélène yuko wapi?" Mwanaasha aliuliza.

"Ameungua."

"Ulimwacha?"

"Umesema niache vitu."

Mwanaasha alikaa chini palepale, kizibao na hijabu na yote, akalia kilio cha mtu aliyepewa kitu asichojua atakilipaje. Bakiri naye akakaa, kwa umbali wa heshima, maana Papa Ezéchiel anatazama.

"Nilidhani umekasirika," Mwanaasha alisema.

"Nilikuwa nakujibu. Jibu langu lina bawaba, linachukua muda."

"Na mashine?"

"Za nyuma zimepona. Za mbele tutaziona. Alhamdulillahi, chérie. Ningekuwa nimelala pale na rangi yangu nzuri."

Mafundi walipita mmoja mmoja, wakamshika mkono kwa mikono miwili, kama wanavyoshikwa watu msibani, ila hapa hapakuwa na msiba, na ndiyo maana walikuwa wanamshika.

Mma Kgomotso alifika wa mwisho, kwa mguu wake. Moto ulipozimwa, alipanda moja kwa moja kwenye mlango wa buluu ulioachwa wazi, akaingia, akaufunga, akausukuma kwa kiuno kutoka ndani, ukafunguka. Akausukuma tena. Akashuka, akatoa ile fomu, akampa Mwanaasha pamoja na kalamu.

"Andika yaliyorekebishwa. Mimi sitatia jina. Hii haihitaji langu."

Mwanaasha aliandika akiwa amekaa kwenye lami. Ripoti ilikwenda bodi ikiwa na alama ya kidole cha masizi pembeni, na ilikubaliwa hivyohivyo.

"Sasa mimi," Bakiri alisema Mwanaasha alipomaliza kuandika. "Nataka kukuoa. Nikaongee na nani?"

"Kwetu haongei mtu. Inaandikwa barua ya posa, inapelekwa kwa mjomba Mayfair."

"Nitaandika leo."

"Uangalie lakini. Usiweke hata neno moja lenye maana mbili."

Barua ilifika Ijumaa baada ya swala, ndani ya kitambaa cha hariri, imeletwa na Papa Ezéchiel aliyevaa suti mpya na kuvua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mjomba alivaa miwani. Akasoma. Akaigeuza nyuma kutafuta inakoendelea, akarudi mbele, kisha akamwita mpwa wake, naye akaja sebuleni amevaa gauni la manjano na zambarau.

"Huyu mtu wako kaandika mstari mmoja tu."

"Anasemaje, mjomba?"

"Anasema: *Nampenda, na nikisikia king'ora nitatoka naye.*"

Mwanaasha aliichukua, akaisoma mwenyewe, polepole, kama anavyosoma ripoti, akitafuta maana ya pili. Hakuiona.

"Mjomba," alisema, "hakuna cha kurekebisha."